Gari Lisimame kwa Sababu

Mwulize mwenye lori yeyote wa Makambako gari lake liliingiza kiasi gani mwezi uliopita, atakujibu bila kufungua daftari. Mwulize lilisimama saa ngapi, atacheka. Dizeli anaijua kwa lita, tairi anazijua hadi tarehe zilipofungwa, posho ya dereva anaijua hadi shilingi ya mwisho. Saa hazitoi risiti, kwa hiyo hazimo kwenye hesabu. Lakini gari la mkopo likiegeshwa nyuma ya sheli kusubiri mzigo, rejesho la benki halisimami nalo, wala bima.

Maelezo haya ni yako wewe uliye na basi au lori moja mpaka matano, unayepakia Njombe, Uwemba, Lupembe au Makambako kwenyewe na kushusha Dar es Salaam. Mengi nimeyaazima kwa watu ambao kazi yao yote ni kuhesabu saa za chombo kikiwa kimesimama: wapangaji wa ratiba za ndege za masafa marefu. Njombe hatuna uwanja wa kutua ndege hizo, na si lazima tuwe nao. Hesabu ya chombo cha gharama kubwa kinachokwenda mbali na kurudi ni ileile, kiwe na mabawa au kiwe na tela.

Ndege ya masafa marefu iliyopangwa vizuri hukaa hewani saa 13 hadi 15 katika kila 24. Hata hivyo ndege nyingi kutoka London na Frankfurt hutua Johannesburg asubuhi, zikakaa uwanjani mchana kutwa, zikaondoka jioni. Mtu anayepita atasema ni uzembe. Sivyo. Safari ni ya kaskazini kwenda kusini, saa za huku na kule zinakaribiana, na abiria anataka kulala njiani aamkie kazini. Ndege hiyo ingegeuza asubuhi, ingefika Ulaya usiku, ndege za kuunganisha zikiwa zimekwisha kuondoka. Na Frankfurt haipokei ndege za kawaida kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri. Mpangaji ameziona saa zile za kusimama, amezitia bei, akazikubali.

Kuna kusimama kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 2022 Air Tanzania ililazimika kuegesha baadhi ya Airbus A220 zake kwa sababu ya matatizo ya injini za Pratt & Whitney, tatizo lililozikumba kampuni nyingine duniani pia. Ndege hizo zilikuwa zimekodishwa kutoka Wakala wa Ndege za Serikali, na kodi haiulizi kama ndege imeruka. Hapo hakuna ratiba inayosaidia. Kinachosaidia ni kipuri na mkataba mzuri na mtengenezaji wa injini.

Kwa hiyo kabla hujapunguza saa za kusimama, zitenge. Zipo saa ulizoamua wewe, kwa sababu unayoweza kuitaja. Zipo zilizoamuliwa na barabara, mvua au sheria. Na zipo ambazo hakuna aliyeziamua: gari limesimama tu. Fungu hilo la tatu ndilo la kuwinda, na kwa magari mengi ya ukanda huu ndilo kubwa kuliko yale mengine mawili.

Daftari la saa

Huhitaji programu ya kununua. Dereva na utingo wana simu. Waambie watume ujumbe mfupi kila gari linapobadili hali: limefika shambani, limeanza kupakia, limemaliza, limeondoka, limeingia mizani, limetoka mizani, limefika sokoni, limeanza kushusha, limemaliza, fedha zimelipwa. Neno moja na saa, basi. Wewe au binti yako anayesoma biashara mnaandika kwenye daftari la mistari. Kama gari lina kifaa cha kufuatilia safari, tumia rekodi yake kuhakikisha, si kumfumania mtu. Dereva akihisi daftari ni mtego, ataanza kuandika saa za uongo, na saa za uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na daftari.

Fanya hivyo mwezi mzima, maana wiki moja huweza kuwa na msiba au mvua ikakudanganya. Kisha chukua kalamu nyekundu na kando ya kila kusimama kulikozidi saa moja andika jina: nani aliamua? "Mimi." "Mizani." "Mwenye viazi." "Dalali." Panapokosekana jina, weka alama ya kuuliza.

Usishangae alama nyingi zikirundikana mahali pawili: kabla ya kupakia huku juu, na baada ya kushusha Dar. Barabarani hutaona nyingi. Matajiri wengi humlaumu dereva kwa saa moja aliyokula chakula Ilula, wakati gari lilikaa siku mbili Mabibo likitafuta mzigo wa kurudi.

Basi: hesabu ya 24

Kwa miaka mingi, tangu marufuku ya miaka ya 1990, basi la mkoani lilikuwa na ratiba ya kuku: linatoka alfajiri, jua likizama linalala. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, kwa utaratibu wa LATRA. Wengi walidhani sasa basi litazaa mara mbili. Kwa safari ya karibu kilomita 700 kati ya Njombe na Dar, halizai hivyo, na inafaa ujue kwa nini kabla hujasaini mkopo.

Chukua mfano. Basi linaondoka Njombe saa 12 jioni, linafika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, saa 12 asubuhi. Saa 12 kwenda, saa 12 kurudi. Kila upande lipe saa tatu za kushusha, kufagia, kukagua na kupakia. Mzunguko mzima ni saa 30. Ukiliacha lizunguke bila kupumzika, litaondoka Njombe leo saa 12 jioni, mara ya pili saa 6 usiku, mara ya tatu saa 12 asubuhi. Hakuna abiria wa kulikumbuka basi la namna hiyo. Abiria hununua saa: "lile la jioni."

Ukitaka kuondoka kila siku kwa saa ileile, gawanya mzunguko kwa 24 na upandishe mpaka namba kamili. Saa 30 kwa 24 ni moja na robo; unahitaji mabasi mawili. Mabasi mawili yanakupa mzunguko wa saa 48. Kazi ni 30. Kila basi litabaki na saa 18 za ziada katika kila mzunguko, upende usipende.

Sasa mwambie dereva akimbize, apunguze saa moja kila upande. Mzunguko ni 28. Bado ni mabasi mawili. Hujapata safari hata moja zaidi. Umepata tairi zilizokwisha, faini ya mwendokasi na abiria waliofika stendi saa 11 alfajiri bila usafiri wa kuwafikisha nyumbani. Barabara ikiharibika safari ikawa ya saa 14, mzunguko ni 34: bado mawili. Hii ndiyo sababu wapangaji wa ndege hawamwombi rubani aongeze mwendo ili kuokoa ratiba ya mwaka. Wanajua dakika ipi ina faida na ipi haina, na dakika nyingi hazina.

Swali lako basi ni saa hizo 18 uziweke wapi na uzifanyie nini. Mimi ningeziweka zote Njombe. Dar basi lako ni mgeni: linalipia maegesho, fundi humjui, kipuri unauziwa kwa bei ya mtu mwenye haraka. Nyumbani una gereji yako na dereva analala kwake. Kwa mfano wetu, basi likitoka Dar saa 3 asubuhi litaingia Njombe saa 3 usiku, na halitahitajika mpaka kesho yake saa 12 jioni. Hapo kuna nafasi ya huduma kamili, au ya safari fupi za mchana kati ya Njombe na Makambako, kilomita kama 60, kwa dereva mwingine na kwa leseni ya njia hiyo. Usidanganyike ukalipeleka Songea na kurudi. Kwa kwenda na kurudi Songea basi litamaliza akiba yote ya mchana, na siku mvua itakaponyesha litachelewa kuanza safari ya Dar, yaani utakuwa umeuza abiria wa kilomita 700 kwa sababu ya wa kilomita 240.

Kuongeza safari fupi ndani ya ndefu si jambo geni angani. KLM kwa miaka mingi imekuwa ikiipeleka ndege moja Kilimanjaro na Dar es Salaam katika mzunguko mmoja wa pembetatu kutoka Amsterdam, maana kila mji peke yake ungekuwa mgumu kuijaza ndege kubwa kila siku. Ndege moja, masoko mawili. Kwa malori, somo hilo lina thamani kubwa zaidi.

Lori: anza na soko, urudi nyuma

Lori halina abiria anayelikumbuka kwa saa yake, kwa hiyo huku kila saa uliyookoa inaweza kweli kugeuka safari. Lakini lina soko lenye saa. Viazi vikifika Dar mchana, wanunuzi wakubwa wamekwisha kununua. Vitasubiri mpaka kesho, na gari litasubiri navyo.

Panga kuanzia mwisho. Unataka gari liwe sokoni saa 10 alfajiri. Kutoka Makambako hadi Dar, lori lenye mzigo, pamoja na mapumziko na mizani, lipe saa 16. Basi liondoke Makambako saa 6 mchana. Saa hiyo ina faida nyingine: litashuka Kitonga kabla ya giza, na litaingia hifadhi ya Mikumi usiku barabara ikiwa imepungua magari. Ndani ya zile kilomita 50 za hifadhi mwendo wa usiku ni kilomita 50 kwa saa, na faini ya mnyama aliyegongwa haina huruma. Saa za mwendo huo zihesabu kwenye zile 16, usimwachie dereva azifidie mbele ya safari. Ikiwa linaondoka Makambako saa 6 mchana, turubai lifungwe saa 5. Ikiwa litafungwa saa 5, mzigo wa mwisho uwe umefika saa 3 asubuhi. Kwa hiyo viazi vya Uwemba vilitakiwa kuwa kando ya barabara jana jioni.

Hapo ndipo mgogoro wa kwanza na mwenye mzigo. Mazoea yetu ni gari kusubiri mzigo: lori linaingia kijijini, ndipo vibarua wanaanza kuchimba. Geuza. Mzigo usubiri gari. Fuso dogo likusanye kutoka mashambani kwa siku mbili, lishushe Makambako au Njombe mjini, semi ije ikute magunia yamepangwa. Ndivyo Ethiopian Airlines inavyofanya Addis Ababa: ndege za safari fupi zinamwaga abiria, za safari ndefu zinawazoa. Ila angalia ni mzigo gani. Viazi kwenye gunia vinavumilia kushushwa mara mbili. Parachichi la kuuza nje halivumilii. Kila mkono unaoligusa unaacha alama itakayoonekana wiki tatu baadaye ndani ya kontena. Tangu China ilipokubali mwishoni mwa 2022 kupokea parachichi la Tanzania, wanunuzi wamezidi kuwa wakali wa ubora. Parachichi lipakiwe mara moja kwenye kreti, karibu na shamba, na gari la parachichi lisilipiwe bei ya viazi.

Kuhusu lumbesa, sitasema mengi. Unajua ni kosa la vipimo. Unachoweza kuwa hujakihesabu ni saa: gunia lililovimba huketi vibaya, uzito unaangukia ekseli ya nyuma, mizani ya Makambako au ya Wenda inakataa, mnaanza kushusha na kupanga upya kwa makuli wa bei ya dharura. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, ya mwaka 2016, inaruhusu tani 56 kwa gari lote lenye ekseli saba, lakini kila ekseli nayo ina kikomo chake. Unaweza kuwa chini ya jumla na bado ukakwama kwa ekseli moja. Pima kabla ya kuondoka, panga upya ukiwa nyumbani.

Mzigo wa kurudi ndio kiini. Usiutafute ukiwa Dar. Utafute kabla hujapakia Njombe. Mwenye gari aliyekwisha shusha na hana mzigo hana nguvu mbele ya dalali, na dalali anaijua harufu yake. Ukiwa na tarehe na saa ya kufika, ambayo sasa unayo kwa sababu ulipanga kuanzia sokoni, mpigie mwenye ghala siku tatu kabla: "Jumatano saa 4 asubuhi nina gari tupu, tani fulani, naenda Njombe." Kuanzia miezi ya Agosti na Septemba mpaka mvua za Novemba zishike, mbolea inapanda kwa wingi kwenda nyanda za juu kusini. Nje ya msimu huo kuna mabati, nondo, chumvi, vinywaji na bidhaa za maduka.

Na hapa rudi kwa KLM na pembetatu yake. Mahindi ya Ruvuma yanashuka mwaka hadi mwaka kwenda Makambako, ambako Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake. Barabara ya Songea inapita mlangoni kwako. Lori lililotoka Dar na mbolea lisiishie Njombe kama mzigo wa Songea upo: liende lishushe, lirudi na mahindi mpaka Makambako, ndipo lianze tena viazi. Miguu mitatu, yote imelipwa. Ukiifanya hesabu utakuta faida ya pembetatu haitokani na bei ya mahindi; inatokana na siku mbili ambazo gari halikukaa Njombe likingoja viazi vichimbwe. Katika msimu wa kununua mahindi uliza foleni ya ghala kabla hujapakia, kwa sababu foleni ya siku tatu inaifuta pembetatu yote.

Saa za dereva si saa za gari

Ndege inaweza kufanya kazi saa 15 kwa siku kwa sababu rubani hafanyi. Ndege hufika, marubani wanakwenda hotelini, wengine walioamka vizuri wanaichukua. Katika safari ndefu sana wanakuwamo marubani wa ziada na vitanda vyao. Sisi tumefunga gari na dereva kama mume na mke: akilala, nalo linalala; lisipolala, naye halali. Ajali nyingi za usiku zina mizizi hapo.

Ukiwa na malori mawili unaweza kubadilishana madereva njiani. Anayeteremka kutoka Makambako aishie Morogoro, alale kwenye nyumba ya kulala wageni mnayoijua, alichukue gari linalopanda kesho yake. Wa pili aliyelala Morogoro anamalizia Dar na kurudi nalo. Kila mmoja anakijua kipande chake cha njia, anajua matuta yake na trafiki wake. Madereva watakataa mwanzoni, kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake anaua klachi. Waandikie fomu fupi ya kukabidhiana: tairi, mafuta, taa, mikwaruzo, sahihi mbili. Kwa mabasi ya safari ndefu, madereva wawili si hiari. Na dereva wa pili aliyesinzia kwenye kiti cha utingo huku gari likiruka mashimo hajalala. Usimhesabu kama aliyepumzika.

Acha nafasi, lakini mahali pamoja

Ukishaona saa zinavyopotea, utashawishika kuibana ratiba mpaka isipumue. Ratiba ya hivyo huvunjika Jumanne na haiponi mpaka Jumapili, kwa sababu kila kuchelewa kunasukuma kinachofuata. Mashirika ya ndege huacha nafasi kwa makusudi. Wewe mwenye lori iache Makambako, pale njia zinapokutana, palipo na mafundi na maduka ya vipuri. Tuseme saa nane kila mzunguko. Kila kitu kikienda sawa, saa hizo ni za grisi, breki, chujio la dizeli na kukaza nati. Gari likichelewa, zinalipa deni la njiani na fundi anafupisha kazi. Lupembe wakati wa masika iongezee nyingine, kwani tope la huko halisomi ratiba.

Mwaka 1972 kampuni changa ya Southwest huko Texas ilikuwa na ndege nne, ikaishiwa fedha, ikauza moja. Ratiba ya nne iliendelea kurushwa na tatu, kwa sababu wafanyakazi walijifunza kuigeuza ndege kwa dakika kumi langoni. Hawakuongeza mwendo angani. Hadithi hiyo inapendwa na wanaotaka kuwakimbiza makuli, lakini ina upande mwingine unaokuhusu zaidi: kama una malori mawili na unafikiria la tatu, subiri daftari lako la mwezi. Huenda la tatu tayari unalo, limegawanyika vipande ndani ya yale mawili.

Mwisho, karatasi. Katika makubaliano yako na mwenye mzigo, hata yale ya kuandikwa kwa mkono, weka kifungu cha kusubiri: gari likifika kwa saa iliyokubaliwa, saa nne za kupakia ni bure, na saa nne za kushusha ni bure, baada ya hapo kila saa ina bei, na malipo ya kushusha yafanywe kabla turubai halijafunguliwa. Kiwango cha saa kipate hivi: jumlisha rejesho, bima, mshahara na maegesho ya mwezi, gawanya kwa saa 720. Wapo watakaokataa kusaini. Mwenye mzigo mkubwa atakubali kama nawe umekubali kupunguziwa bei ukichelewa kufika, na baada ya mizunguko michache utaona magunia yanaanza kukutangulia kufika barabarani.